Klaksoni ya Mama

Umeme ukirudi kwenye avenyu yetu, hakuna anayehitaji kuambiwa. Watoto wanapiga kelele kutoka nyumba hadi nyumba, redio zinaamka zote kwa pamoja, na fundi wa kuchomelea vyuma anaanza kazi kabla hajavaa miwani yake. Ukienda, unaenda kimya. Mtu anagundua baadaye, akiwa anapiga pasi, anaona kola imekataa kunyooka na chuma kimepoa mkononi mwake. Nimeishi Katindo, mtaa wa Goma, maisha yangu yote ya utu uzima na sikuona ubaya katika jambo hilo, mpaka mama yangu alipoanza kupumua kwa mashine.

Mashine yenyewe ni sanduku la plastiki lenye magurudumu, kimo chake kinafika gotini. Linavuta hewa ya chumba, linaichuja, linatoa oksijeni kupitia mrija mwembamba mpaka puani. Mapafu ya mama yalikuwa yameharibika polepole kwa miaka ya kupika kwa kuni na makaa, na daktari alituambia bila kuzungukazunguka kwamba hataachana tena na mrija. Akiutoa kidogo aende chooni, sawa. Akikaa bila huo kwa muda mrefu, tutamzika. Ndugu zangu wa Butembo walichangishana, mashine ikafika juu ya lori la viazi, ikawekwa sebuleni kando ya kiti chake, na kuanzia siku hiyo maisha ya nyumba yetu yakawa yanazunguka waya mmoja ulioingia ukutani.

Sasa niwaeleze wasioijua Goma. Nyumba yenye uwezo kidogo ina umeme wa njia mbili. Kuna umeme wa kampuni, unaoingia kupitia mita pale barazani. Halafu kuna betri kubwa chini ya kabati, na juu yake konvertisa, kile kisanduku kinachogeuza nguvu ya betri kuwa umeme wa nyumba. Wa kampuni ukikatika, konvertisa inashika kazi papo hapo, hata taa haipepesi. Watu wanaisifu kwa hilo. Yetu tuliinunua ikiwa imeshatumika, na kile kilio chake cha kuonya kilikuwa kimekufa kabla haijafika kwetu. Kwa hiyo umeme ulikuwa ukikatika, mashine ya mama inaendelea kunguruma kama kawaida, betri inakwisha taratibu bila mtu kujua, halafu vyote vinazima kwa mpigo mmoja.

Mara ya kwanza ilikuwa Jumapili na nilikuwa jikoni. Nilisikia mashine ikilia kwa sauti nyembamba, nikatoka na mwiko mkononi, nikamkuta mama amekaa wima ameshika mikono ya kiti. Hakusema neno, kwa sababu hakuwa na pumzi ya neno. Nilikimbilia uani, nikavuta kamba ya grupu, jenereta yetu ndogo, ikawaka, nikaingiza waya wa mashine, na mama akarudi. Niliogopa sana, nasema wazi. Usiku ule sikulala, na asubuhi nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba nilishindwa kunywa chai.

Nilikasirika kwa sababu grupu lilikuwepo. Esansi, yaani petroli, ilikuwepo. Betri ilikuwa inatupa karibu saa nzima ya kujipanga, na ile saa ilikuwa inapotea bure kwa sababu hakuna aliyeambiwa kwamba umeme umekwenda. Ningekuwa Birere kwenye kazi yangu, mama angekufa katikati ya vitu vyote vya kumwokoa.

Nilimwambia nitafute mtu wa kukaa naye mchana. Akakataa.

"Mimi si mutoto," alisema. "Sitaki mutu wa kuniangaliaka kama chungu kwenye moto."

"Basi utaangaliwa na chuma," nikamwambia.

Mimi ninauza vipuri vya pikipiki Birere, katika ule msongamano wa vibanda karibu na mpaka, ambako ukinyoosha mkono umegusa bidhaa ya jirani. Miaka yote hiyo motari, waendesha pikipiki za abiria, wananijia na maneno yao: mama, taa ya mbele haiwaki, mama, klaksoni imenyamaza, wale askari wa barabarani watanila. Sikusomea umeme. Lakini ukiuza kitu kwa muda mrefu na ukawa na mdomo wa kuuliza kama wangu, mafundi wanakufundisha bila kujua wanakufundisha. Na kitu kimoja nilichokuwa nacho kwenye sanduku, kimejaa vumbi, ni rele yenye miguu mitano.

Rele ni kitu kidogo kama kibiriti. Ndani kuna waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi, na ulimi wa chuma. Ukiupa ule waya umeme, unakuwa sumaku, unauvuta ulimi na kuushika. Umeme ukiondoka, sumaku inakufa, na springi inaurudisha ulimi mahali pake. Motari karibu wote wanataka ya miguu minne, kwa sababu wao wanataka kitu kiwake pale umeme unapofika. Mguu wa tano unafanya kinyume, unawasha kitu pale umeme unapoondoka, na Birere nzima haukuwa na kazi. Wengine wanaukata kwa koleo ili usisumbue. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda changu, mteja anabishana nami juu ya vioo, nikaiona ile rele sandukuni, na nikamwambia mteja achukue vioo aende, nimefunga.

Nilichukua klaksoni mpya, ile honi kali inayopendwa na motari wa safari za Rumangabo kwa sababu inasogeza mbuzi barabarani. Nikachukua betri ya pikipiki ya kuilisha. Kwa ajili ya ule waya wa sumaku nilitumia chaja ya modemu iliyokufa, kwa sababu inatoa umeme mdogo kama wa pikipiki. Mpango ulikuwa mwepesi. Chaja inakaa kwenye prizi, soketi ya ukutani. Umeme ukiwepo, rele imeshika, klaksoni imelala. Umeme ukikatika, rele inaachia, mguu wa tano unagusana, na klaksoni inalia kwa nguvu ya betri yake yenyewe bila kumwomba mtu ruhusa.

Nilifunga kila kitu juu ya kipande cha ubao. Klaksoni niliitoa nje, nikaibana kwenye nguzo ya baraza, imeelekea ukuta wa mawe ya volkano unaotutenga na saluni ya jirani. Chaja nikaichomeka sebuleni, kwenye prizi ileile ya mashine ya mama. Niliona ndiyo akili. Mashine ikikosa umeme, chaja nayo itakosa, basi.

Nikamwita mama wa saluni aje ashuhudie. Huyu ni jirani yetu, mwanamke mwenye mikono ya haraka na ulimi wa haraka zaidi, asili yao milima ya Masisi. Alikuja na kitana kimechomekwa nywelini. Nikachomoa chaja.

Klaksoni ililia mpaka kuku wa kiwanja cha tatu kutoka kwetu wakaruka. Mama alishika kifua.

"Weye unataka kuniua mbele ya ugonjwa," alisema.

Mama wa saluni alicheka mpaka akaegemea mlango. "Hii hata nikiwa ndani ya kaski nitaisikia," alisema, akimaanisha ile kofia ya kukaushia nywele. Nikamwonyesha grupu lilipo, na kamba ya kuvuta, na waya wa kuhamisha. Akaniambia niende kazini na moyo mweupe. Nikaenda. Nilijivuna, kwa nini nifiche? Nilijivuna wiki nzima, nikawasimulia motari wote, na mguu wa tano nikausifu kana kwamba niliuzaa mimi.

Kisha simu ya mama wa saluni ikanifikia Birere, katikati ya mchana. Nyuma ya sauti yake, inayoniita yaya, yaani dada mkubwa, nilisikia klaksoni inalia.

"Yaya, kuja. Grupu inakataa. Mama haiko muzuri."

Sikufunga kibanda. Nilipanda pikipiki ya motari wa kwanza niliyemwona, na alipouliza ninaenda wapi nilimwambia aende tu, nitamwonyesha kwa mkono. Njia nzima nilikuwa nafanya hesabu moja. Klaksoni imelia, kwa hiyo umeme ndiyo umetoka kukatika, kwa hiyo betri bado ina karibu saa nzima, kwa hiyo mama anapumua. Nilijiambia hivyo kuanzia mzunguko wa barabara mpaka mlangoni kwetu.

Mama hakuwa anapumua vizuri hata kidogo. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Mwanamke mmoja, nusu ya kichwa chake imesukwa na nusu imesimama, alikuwa anampepea kwa kalenda ya ukutani. Mashine ilikuwa imezima. Konvertisa imezima. Mama wa saluni alikuwa uani analia na kuvuta kamba ya grupu, anavuta na kulia, viganja vimechubuka. Nikainama nikaona robine, koki ya esansi, imefungwa. Hakuna aliyemwonyesha robine, mimi nilimwonyesha kamba tu. Nikaifungua, nikavuta, likawaka. Tukahamisha waya, tukakaa chini sakafuni mbele ya mama kumngojea arudi. Alirudi polepole, kwanza macho, halafu vidole, halafu midomo. Neno lake la kwanza lilikuwa la kuwaulizia wale wamama kama wamepewa chai.

Mama wa saluni aliapa kwamba alitoka mbio klaksoni ilipoanza, hakumaliza hata msuko mmoja. Lakini alipofika, mashine ilikuwa imeshazima.

Sikumwelewa. Nilifikiri amechanganyikiwa kwa woga. Asubuhi iliyofuata sikwenda Birere. Nilikwenda barazani kwenye mita, nikashusha swichi kubwa, ile inayokata umeme wote wa kampuni kwenye nyumba, nikasimama nikisubiri klaksoni.

Kimya. Ndani, mashine ya mama iliendelea kunguruma. Taa ya sebuleni iliwaka vizuri. Ile taa ndogo ya chaja nayo iliwaka, kijani, imetulia. Rele ilikuwa imeshika.

Nilikaa kwenye ngazi nikacheka kwa hasira. Prizi ya mashine ya mama inalishwa na konvertisa. Sisi wenyewe tuliifunga hivyo makusudi, ili mashine isizime. Na mimi nikachukua mlinzi wangu nikampa chakula kutoka sufuria ileile. Umeme wa kampuni ukienda, konvertisa ilikuwa inaidanganya rele kama ilivyotudanganya sisi, na rele ingekuja kujua siku betri imekwisha, sekunde ileile ambayo mama angekosa pumzi. Kuchomoa chaja kwa mkono na kukatika kwa umeme ni mambo mawili tofauti, na mimi nilikuwa nimejaribu lile lisilotokea.

"Kuran iko?" mama aliuliza kutoka ndani, yaani umeme upo? Alikuwa ameanza kuuliza hivyo kila mara.

"Haiko," nikamjibu. "Nimeizima mimi. Kaa tu, nina kazi."

Nilirudisha swichi, nikasimama katikati ya nyumba na kujiuliza swali la kijinga: humu ndani, umeme wa kampuni ukienda, ni kitu gani kinakufa palepale? Taa hapana. Redio hapana. Friji tuliiuza. Halafu nikakumbuka. Pasi.

Katika nyumba za Goma zenye konvertisa, pasi haipigwi mahali popote tu. Pasi inakula betri kuliko kitu chochote, na kila mwenye nyumba anaitafutia prizi yake pembeni, iliyotoka moja kwa moja kwenye mita, na anagombana na wageni wanaoipeleka kwingine. Yetu ilikuwa barazani, nyuma ya mlango, prizi nyeupe yenye alama ya kuungua. Tangu nilipokuwa msichana nilifundishwa kwamba pasi ni pale na si pengine, na sikuwahi kuuliza kwa nini. Nilihamisha ubao wangu wote, nikachomeka chaja pale, nikashusha tena swichi kubwa.

Klaksoni ilipasua hewa. Ndani, mashine ya mama ilikuwa bado inanguruma. Nilisimama nikasikiliza sauti zote mbili kwa pamoja, ya kuonya na ya kupumua, na machozi yakanitoka bila kunipa taarifa. Hiyo ndiyo saa niliyokuwa naitafuta. Mama wa saluni alikuja mbio, mimi sikumzuia. Nilimwacha afungue robine, avute kamba, ahamishe waya, mpaka grupu likawaka kwa mkono wake. Akaniuliza kama umeme umekatika kweli. Nikamwambia hapana, rudi kwa wateja wako, na Jumamosi nitakusumbua tena. Kila Jumamosi nilishusha swichi. Kuchomoa chaja nilikataza kabisa.

Katazo hilo lilivunjwa na mjomba aliyetoka Butembo. Aliamka mapema kwa misa, hakuuliza mtu, akakuta chaja ya ajabu kwenye prizi ya pasi, akaichomoa ili anyooshe shati. Wamama wa avenyu walipoingia uani, wengine na kanga za kulalia, walimkuta amesimama kifua wazi, pasi mkononi, klaksoni inampigia sikioni. Mpaka leo wanamwita Papa Pasi, na anajibu.

Lakini mama hakucheka. Klaksoni ilikuwa inamkera, na si kwa kelele tu. Umeme wa kwetu unakatika kila mara, na kila ukikatika watu walimjia mbio. Mama wa saluni anaacha mteja. Wateja wake nao wanakuja, wanasimama mlangoni, wanamtazama puani. Grupu likishawaka wanasema pole, mama muzee, wanaondoka. Na yeye anabaki kwenye kiti chake ameinamisha macho.

Alhamisi moja wamama wa shirika letu la parokia walikuja kusali rozari nyumbani, kwa kuwa yeye hakuweza tena kutembea hadi kanisani. Niliporudi jioni nikaona kitu kimening'inia kwenye nguzo ya baraza. Klaksoni ilikuwa imevikwa kitenge, kimezungushwa mara nyingi, kimefungwa kwa fundo, kimejazwa na sponji ndani. Ungesema ni mtoto mchanga.

Wamama walikuwa bado ndani wanakunywa chai. Sikusalimia.

"Nani alifanya hii?"

Walitazamana. Mama akasema, "Ni mimi. Niliwaomba. Isikuje kukata rozari."

"Na kuran ingekatika?"

"Haikukatika."

"Mama, ingekatika?"

Sikusubiri jibu. Niliwageukia wale wamama wa watu, wakubwa kwangu wote, nikawaambia kwamba Mungu anawasikia hata na klaksoni, na kwamba atakayeigusa tena nitamtoa kwa mkono wangu hata akiwa ameshika rozari. Mwongozaji wa sala aliweka kikombe chini kwa upole, akaaga. Wakaondoka mmoja mmoja. Mama hakuniangalia mpaka nilipomaliza kufungua kile kitenge.

"Ni aibu," alisema.

"Aibu ya nini?"

Alikuwa anavuta maneno machache machache, kama ilivyokuwa desturi yake siku hizo. "Batu banakimbia juu yangu. Kila siku. Mimi ndiye nilikuwaka nakimbia juu ya batu."

Ilikuwa kweli, yeye ndiye aliyekuwa akikimbia kwa ajili ya watu. Kabla ya mapafu kuharibika, mama alikuwa mwanamke wa kwanza kufika kwenye kila msiba na kila uzazi wa avenyu yetu, amejifunga kitenge kiunoni, sufuria kichwani. Volkano ilipotutoa majumbani, ni yeye aliyepikia watu tusiowajua kando ya barabara. Nusu ya waliokuwa wanakimbia kuja kwetu aliwahi kuwabeba mgongoni. Nilikaa kwenye mkono wa kiti chake. Nilikuwa bado na hasira, na nilikuwa nampenda, na sikuona sababu ya kuacha kimoja.

"Basi ni zamu yao," nikamwambia. "Uvumilie."

"Na kama sitaki?"

"Utake usitake. Klaksoni itakaa pale, na utapumua."

Alivuta pumzi yake, akarekebisha mrija puani. "Weye uko mugumu kama baba yako," alisema. Halafu akaniomba chai. Siku iliyofuata nilisikia anamwambia mama wa saluni asisahau kufungua robine, na tangu hapo, klaksoni ilipolia, alikuwa wa kwanza kunyoosha kidole uani na kuamuru. Walioingia aliwauliza habari za watoto wao. Mwongozaji wa sala alirudi Alhamisi iliyofuata, nikampikia chai mwenyewe, nikamwomba radhi ya sauti yangu. Ya maneno sikuomba.

Tuliishi hivyo kwa muda mrefu kuliko daktari alivyotegemea. Umeme ulikatika mvua ikinyesha na jua likiwaka, ulikatika siku zile za hofu mjini ambapo hakuna aliyetoka nje ya geti lake, na hata siku hizo mama wa saluni aliruka ule ukuta wa mawe akavuta kamba. Mashine haikuzima tena hata mara moja.

Mama alikwenda asubuhi, kukiwa na jua zuri. Nilikuwa nimempa uji, amekula vijiko vichache. Akaniuliza kama kawaida, "Kuran iko?"

"Iko, mama."

Akatikisa kichwa kukubali, akafumba macho. Mashine ilikuwa inanguruma, mrija uko puani, taa ya chaja barazani ya kijani. Mapafu yake ndiyo yalichoka. Nilimlilia kama mtoto, na bado ninamlilia, lakini kuna jambo moja ninalolishika kwa mikono yote miwili: haikuwa umeme. Umeme haukunichukulia mama yangu.

Tulimzika, watu wakarudi kukaa matanga uani kwetu chini ya turubai. Hakuna aliyekumbuka ubao wangu nyuma ya mlango, mimi wa kwanza. Siku ya pili, mchana, wamama wanapakua ugali na maharage, umeme ukakatika.

Klaksoni ililia. Na avenyu nzima ikasimama. Mama wa saluni aliachia sahani aliyokuwa ameishika, akapita katikati ya watu, akafungua robine, akavuta kamba, grupu likawaka kwa mvuto mmoja. Mwongozaji wa sala alikuwa ameshaingia sebuleni kuwahi waya. Wengine wawili walikuwa mlangoni wanasogeza viti ili apite. Nilimkuta katikati ya sebule ameshika plagi ya mashine mkononi, ametazama kile kiti.

Mama wa saluni aliingia nyuma yangu, mikono inanuka esansi.

"Yaya, nilisahau," alisema, akaanza kulia. "Ngoja nikazime."

"Usizime," nikamwambia. "Iache ifanye kazi."

Nilikwenda kunyamazisha klaksoni. Grupu tuliliacha lingurume, halilishi kitu chochote, mpaka esansi ikaisha yenyewe, na watu walikula kimya wakilisikiliza.

Matanga yalipokwisha, baba mmoja wa shirika letu alikuja. Mke wake alikuwa anatoka hospitali na mapafu yaleyale, na alikuwa amesikia kwamba mashine yetu imekaa bure. Mjomba alisema nimpe tu, aichukue hata sasa, pikipiki iko nje.

Nikasema mashine haitoki.

Yule baba alitazama chini. Mjomba akaanza kunikemea mbele ya mgeni, nikamwambia Papa Pasi angoje nimalize kusema. Nilikwenda barazani, nikafungua klaksoni kwenye nguzo, nikatoa chaja, nikachukua ubao wangu na betri yake, nikaviweka vyote kwenye kapu la mama la sokoni. Mashine haitoki bila hivi, nikasema, na hivi havitoki bila mimi.

Nyumba yao ilikuwa ya mbao, safi, betri chini ya kabati na konvertisa juu yake. Mke wake alikuwa ameketi kitandani anavuta pumzi fupi fupi, anatuangalia. Nilimsalimia. Nilimshika mkono nikampa pole. Kisha nikaweka kapu chini, nikamgeukia mume wake.

"Papa," nikamuuliza, "hapa munapigaka pasi wapi?"